Mama hakuwa anakula usiku

Kuna jambo limenikaa rohoni miaka mingi na leo naliandika. Mwaka 2019 mama alikuja kukaa kwangu Dar miezi minne, katoka zake Ujiji na begi lake, dumu la mawese la lita tano kama kawaida yake, na kile kipimo cha sukari alichonunuliwa na kaka. Mama ana kisukari tangu 2014. Kila asubuhi kabla ya chai anajichoma kidole, na kila asubuhi namba inakuja juu, 9.6, mara 10.1, mara 9.8, wakati usiku kabla ya kulala kapima kakuta 7 na kitu. Sasa sisi watoto wake jibu tulikua nalo tayari wala hatukujiuliza mara mbili, mama anaamka usiku anakula.

Nikaanza kuhesabu maandazi kwenye hotpoti kabla ya kulala. Mkate nikawa naangalia vipande vimebaki vingapi. Mwisho kopo la sukari nikalihamishia kabatini chumbani kwangu nikafunga na ufunguo, na mama aliona. Tulivyoenda kliniki nesi mmoja akaangalia daftari la mama akasema mbele yake, hawa wamama wanadanganya, usiku wanakula, muangalieni vizuri. Mama akajibu "mimi sijala kitu toka ile saa moja" akanyamaza. Hakubishana tena. Ila kuanzia siku ile mpaka anaondoka alikua anapima kanipa mgongo, namba hanionyeshi mpaka nimuombe.

Miaka minne baadae, 2023, ikawa zamu yangu. Nina miaka 41, kilo 82, urefu mita moja na sentimita sitini, kazi yangu ya kukaa mezani kutwa. Kazini wakaleta upimaji wa afya, tukaambiwa toka saa mbili usiku usile kitu, na mimi nilifuata yaani hata maji ya kunywa niliyaogopa. Asubuhi sukari 6.4. Hiyo haijafika kisukari lakini kawaida imeshavuka, daktari akisoma anaanza kukutazama vizuri. Yule binti anayepima akaniuliza kwa upole tu, "dada, umekunywa chai kidogo?"

Nikasema hapana. Akaniangalia. Na hapohapo nikaukumbuka mgongo wa mama.

Kwahiyo nilivyorudi nyumbani nilikua na swali moja tu, kama sijala masaa kumi na mbili, sukari hii imetoka wapi?

Imetoka kwenye ini. Jibu ndo hilo na linajulikana miaka mingi. Ukiwa hujala, ini ndo linalisha ubongo, linavunja akiba yake ya glukosi, yaani sukari, na nyingine linatengeneza mpya, linamwaga kwenye damu polepole usiku kucha. Kwa mtu mzima ni kama miligramu 2 kwa kila kilo ya mwili kwa kila dakika, ukipiga hesabu kwa mtu wa kilo 70 inakuja gramu 8 na kidogo kwa saa, maana yake usiku wa masaa nane ini limetoa gramu kama 67, hivyo ni vijiko 16 vya chai vya sukari na mtu yuko kitandani hajagusa kitu. Lisipotoa unazimia. Kinachozuia lisizidishe ni insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho, ambayo kazi yake mojawapo ni kuliambia ini basi, inatosha. Sasa ini likiwa halisikii, hicho ndo wanaita usugu wa insulini, linaendelea kumwaga tu na asubuhi unakuta 6.4, au 9.8.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Dawa ambayo mama anakunywa miaka yote, metformini, kazi yake kubwa ni hiyohiyo, kulituliza ini lipunguze kutoa sukari. Jibu lilikua kwenye kidonge, sisi tunahesabu maandazi.

Daktari akanituma altrasaundi. Nimelala pale, yule mpimaji anazungusha kile kifaa upande wa kulia chini ya mbavu, akaniuliza, "unatumia pombe?" Sijawahi kuonja pombe maisha yangu. Ripoti ikaandikwa ini lina mafuta, gredi ya 2 kati ya 3, na nikaambiwa hii ni kawaida tu watu wengi wanayo, punguza mafuta. Nikaondoka na maneno hayo matatu, kawaida, wengi wanayo, na punguza mafuta. Ni kweli wengi tunayo, ila neno "kawaida" hapo sikubaliani nalo kabisa. Ini likipitisha asilimia 5 ya mafuta tayari limeshahesabika, na altrasaundi yenyewe inayaona vizuri yakishakua mengi, huko kwenye asilimia 20 mpaka 30, kwahiyo ikiandikwa gredi ya 2 ujue safari haijaanza jana. Na lile swali la pombe, wataalamu wenyewe wameliona, mwezi wa sita mwaka 2023 walibadilisha jina la ugonjwa kimataifa, mwanzo ulikua unaitwa ini lenye mafuta lisilotokana na pombe, sasa hivi jina linataja hitilafu ya umetaboli (yaani namna mwili unavyotumia chakula), na sababu mojawapo ni kwamba jina la zamani lilikua linawatia watu aibu.

Sasa kuna kitu sijasema. Ile miezi mitatu kabla ya kupima nilikua kwenye diet. Diet ya mafuta. Kuna kundi la WhatsApp la kupunguza kitambi niliingizwa na rafiki, tunaambiwa adui ni wanga na mafuta ni rafiki, asubuhi kahawa unaweka siagi na kijiko cha mafuta ya nazi, mchana nyama ya mafuta, mayai matatu. Na mimi nikafanya, kahawa na siagi kila siku. Ila wanga sikuuacha, hapo ndo ukweli ulipo, chapati mbili za kantini zilibaki palepale, jumapili wali wa nazi palepale, chips mayai mara mbili kwa wiki, mwezi wa Ramadhani ulivyofika sambusa na kachori na juisi ya embe yenye sukari. Kwahiyo sikubadilisha chakula, niliongeza mafuta juu ya chakula nilichokua nakula.

Nikataka kujua hayo mafuta yalifanya nini, na nimesoma sana kwa mtu ambaye sio daktari, nikipata kitu sikielewi namuuliza binamu yangu ambaye ni mfamasia. Nawaambia nilivyoelewa.

Mafuta yaliyoko chini ya ngozi ni ghala, na insulini ndo imeshika ufunguo. Ukila, insulini inapanda, ghala linafungwa. Ukikaa na njaa inashuka, ghala linafunguliwa, asidi za mafuta zinatoka kwenda kulisha misuli. Sasa ghala likijazwa kupita uwezo wake linaacha kufungika vizuri, linavuja mchana na usiku, na ini linapokea kadiri linavyoletewa, halina mlango wa kukataa. Mwaka 2005 watafiti wa Minnesota waliwafuatilia wagonjwa 9 wanene wenye tatizo hili kwa kutumia mafuta yaliyowekwa alama, wakakuta kwamba katika mafuta yaliyokaa ndani ya ini asilimia 59 yalitoka kwenye huko kuvuja, asilimia 26 ini lilitengeneza lenyewe kutokana na sukari na wanga, na asilimia 15 tu ndo yalitoka moja kwa moja kwenye mafuta yaliyoliwa. Mimi hiyo 15 ilinishangaza, nilidhani mchuzi unaenda kwenye ini kama maji kwenye mtungi. Ila hiyo namba isikudanganye ukaona mafuta ya kwenye sahani hayana neno, kwasababu lile ghala linalovuja nani alilijaza?

Yakishafika kwenye ini kuna njia tatu. Linayaunguza, au linayafunga kwenye vifurushi na kuyatuma kwenye damu (ndo zile traigliseraidi zinazopanda kwenye kipimo), au linayaweka pembeni. Yanayowekwa pembeni yakishakua mafuta kamili yaliyotulia kwenye vitone vyake hayana fujo sana, shida ni yale ya katikati, mafuta ambayo hayajamalizika kutengenezwa, daiasiligliseroli, na mengine yanaitwa seramaidi. Hayo yanaingilia mawasiliano. Kwa maelezo ya Gerald Shulman na wenzake wa Yale, daiasiligliseroli inaamsha kimeng'enya fulani ambacho kinaenda kuziba pale insulini inapogonga hodi kwenye seli, kwahiyo homoni inagonga, ndani hakuna anayeitika. Mwaka 2004 maabara hiyohiyo iliwalisha panya chakula cha mafuta mengi kwa siku 3 tu. Siku tatu! Mafuta kwenye ini yakawa kama mara tatu ya mwanzo, kwenye misuli karibu hayajabadilika, na ini tayari limeacha kuisikia insulini. Wale waliopewa na kitu cha kuunguza mafuta, ini halikujaa mafuta na usikivu haukupotea. Wapo wanaosema mkosaji mkubwa ni seramaidi sio daiasiligliseroli, na bado wanabishana, ila kwamba mafuta ndani ya ini na usugu wa insulini vinaenda pamoja hilo halina ubishi.

Alafu kuna sehemu ambayo nilivyoisoma nilifunga simu nikakaa kwanza. Insulini inalipa ini amri mbili, acha kutengeneza sukari, na tengeneza mafuta. Ungetegemea ini likiwa sugu lisisikie zote mbili. Kumbe ile ya kwanza halisikii, ya pili linasikia vizuri sana. Brown na Goldstein wa Dallas, wale waliopata Nobel mwaka 1985 kwa mambo ya kolesteroli, waliliandika hili 2008. Ni kama mtoto ambaye ukimwita aje kula anatokea hapohapo, ukimwita aoshe vyombo hasikii. Sasa kongosho likiona sukari haishuki linaongeza sauti, insulini nyingi zaidi, na kila ikiongezeka ini linatengeneza mafuta zaidi, mafuta yanaongeza usugu, usugu unaita insulini zaidi. Mzunguko huo unaweza kwenda miaka kumi na sukari yako ya kliniki bado inasoma kawaida. Wewe unajiona mzima tu, mkanda wa suruali ndo unaongezwa tundu.

Turudi kwenye mafuta yenyewe, maana hapa pana mawese na mimi ni mtu wa Kigoma. Mawese karibu nusu yake ni mafuta ya kuganda, yale yanayofanya ugumu kwenye baridi. Na mafuta meupe tunayopimiwa dukani kwa robo lita, mengi yake ni mawese yaliyosafishwa yanayokuja na meli kutoka Malaysia na Indonesia, ndomana rafiki yangu wa Mbeya anasema mwezi wa saba dumu linaganda jikoni. Alizeti ya Singida haigandi kirahisi hivyo kwasababu mafuta yake ni ya aina nyingine.

Chuo kikuu cha Uppsala, Sweden, walifanya jaribio wakalitoa 2014. Vijana 39 wembamba wakapewa keki ndogo za kula kila siku juu ya chakula chao cha kawaida kwa wiki 7, nusu yao keki zao zimetengenezwa kwa mawese na nusu kwa alizeti. Wote waliongezeka uzito uleule, kilo 1.6 hivi. Ila waliokula za mawese mafuta ya kwenye ini yalipanda zaidi sana kuliko wa alizeti. Uzito sawa, kalori sawa, ini tofauti. Düsseldorf, Ujerumani, mwaka 2017 wakaenda mbele zaidi, wanaume 14 wembamba wazima wa afya wakanyweshwa mawese mara moja, dozi moja kubwa, na ndani ya masaa machache usikivu wa mwili mzima kwa insulini ukashuka asilimia 25 na mafuta ya kwenye ini yakapanda asilimia 35. Mtu mzima wa afya anarudi sawa. Mimi nikawaza tu chips za kila jumanne na alhamisi.

Na Helsinki, 2018, hii ndo ilinikuta mimi hasa. Watu 38 wenye uzito uliozidi, wiki 3, kila mtu anaongezewa kalori 1000 kwa siku juu ya anachokula. Kundi moja waliongezewa mafuta ya kuganda, yaani siagi, mafuta ya nazi, jibini, kundi lingine mafuta laini kama ya zeituni na karanga za miti, kundi la tatu juisi na soda na pipi. Mafuta ya ini yalipanda asilimia 55 kwa wale wa siagi na nazi, 33 kwa wale wa sukari, 15 kwa wale wa mafuta laini. Na wale wa kwanza seramaidi zao zilipanda na usugu wa insulini ukapanda. Siagi na mafuta ya nazi juu ya chakula cha kawaida... yaani nilikua nalifanya hilo jaribio jikoni kwangu bila kipimo.

Sasa ili niwe mkweli, wale wa kundi langu la WhatsApp hawakukosea kila kitu. Helsinki hukohuko 2020 waliwapa watu 10 wanene chakula cha mafuta mengi na wanga kidogo sana kwa siku 6, na mafuta ya kwenye ini yakashuka asilimia 31. Mafuta mengi kwenye sahani, ini likapungua mafuta! Tofauti ni kwamba chakula chote kilikua kidogo, kama kalori 1400 hivi kwa siku, insulini ikashuka, ini likayaunguza mafuta badala ya kuyaweka. Kwahiyo mtu aliyeacha wanga kweli na kula kidogo anaweza akapata matokeo mazuri nikamuamini kabisa. Mwenye siagi kwenye kahawa na chapati mbili pembeni yuko upande mwingine, na naona wengi wetu tuko huko maana wali na ugali haviachiki kirahisi kwenye nyumba zetu.

Mama nilivyomwambia habari za mawese kwenye simu alinijibu vizuri sana, "bibi yako kala mawese mpaka anazikwa, na hakuna aliyemwambia ana ini." Nimelifikiria hilo jibu na silidharau. Bibi alikua anatembea shambani alfajiri anarudi jua kali, anakula ugali wa muhogo na migebuka yenye mawese mara moja kwa siku mara nyingine, misuli yake ilikua inaunguza kila kinachoingia, ghala lake halikuwahi kujaa. Mawese mekundu yana uzuri wake pia, ile rangi mwili unaigeuza kua vitamini A, yale meupe ya dukani imeshatolewa. Bibi hakua na gari la kumpeleka shamba wala soda baridi saa kumi.

Kilichonipa moyo ni Newcastle, Uingereza. Profesa Roy Taylor mwaka 2011 alichukua watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili akawapa kalori 600 kwa siku kwa wiki 8. Ndani ya siku 7 sukari yao ya asubuhi ilirudi kawaida. Wiki ya nane mafuta ya kwenye ini yalikua yametoka asilimia 12.8 mpaka 2.9. Ini ndo la kwanza kupungua, kabla kitambi hakijaonekana kupungua kwenye kioo. Tafadhali usikimbilie hizo kalori 600 peke yako nyumbani, hasa kama uko kwenye dawa za sukari, sukari ikishuka ghafla inaweza kuua, wale walikua chini ya daktari.

Mimi nilienda polepole. Siagi kwenye kahawa iliisha siku ileile. Soda na juisi zikaisha, hilo nililia nalo wiki mbili. Mafuta ya kupikia nikanunua alizeti na nikaanza kupima kwa kijiko badala ya kumimina, kwenye mboga ya watu wanne vijiko vitatu vya chakula, na hata alizeti ukimimina inajaza ghala vilevile. Wali nusu ya zamani. Jioni natembea dakika arobaini na jirani yangu. Miezi minane, kilo 8 zimetoka, sukari ya asubuhi 5.4, na altrasaundi ya pili ikaandika gredi ya 1. Bado ninayo. Naendelea.

Mwaka jana nikaenda Ujiji. Usiku wa pili tumekaa uani, umeme umekatika, nikamwambia mama yote haya, ini linavyotoa sukari usiku, kile kidonge chake kinafanya nini, na kwamba mwaka 2019 alikua anasema ukweli na mimi nilimfungia sukari kabatini. Nikamuomba samahani. Alikaa kimya muda mrefu nikadhani kasinzia. Alafu akaniuliza, "na yule nesi, ameshaambiwa?"

Nikamwambia sijui, mama.

Asubuhi nikamsikia anafungua kile kimkoba chake. Akaja akakaa mkekani mbele yangu, akajichoma, akasubiri, 8.9, akanigeuzia kipimo nisome mwenyewe.